Nani Atalitikisa Gurudumu?

Kwa miezi mitatu gari langu lilikuwa likiniambia jambo, nami sikutaka kulisikia. Kila nilipovuka tuta, kitu kiligonga upande wa mbele kushoto. Usukani nao ulikuwa umelegea, hata niliweza kuuchezesha kidogo huku na huku bila magurudumu kuitika. Ni Toyota Carina ya mwaka 1998. Nilijifariji kwamba gari kuukuu halikosi kelele, nikaendelea kuwapeleka wanangu shule. Ndani ya miezi hiyohiyo nilinunua redio mpya ya gari.

Safari ya kwenda Lindi kutoa mhadhara ndiyo iliyoniumbua. Nilipofika Nangurukuru, pale inapochepuka njia ya Kilwa Masoko, tairi la kushoto lilikuwa linaishiwa upepo. Nikaingia gereji ya kando ya barabara kuziba pancha. Fundi, kijana ambaye umri wake unakaribia wa wanafunzi wangu, hakuanza na pancha. Aliitazama kwanza kingo ya ndani ya tairi, iliyokuwa imelika hadi nyuzi zinaonekana. Kisha akalinyanyua gari kwa jeki, akalishika gurudumu kwa mikono miwili, kushoto na kulia, akalitikisa. Gurudumu likacheza.

“Mzee, tairodi endi imekwisha,” akasema.

Nikamwomba azibe pancha tu, mengine nitayatengeneza nikirudi Dar es Salaam. Akanijibu kwa adabu, bila kunitazama: “Gari ni lako, mzee. Lakini huko njiani kuna watoto wa watu.”

Nililala palepale Nangurukuru. Spea zikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, mhadhara ukaahirishwa.

Asubuhi nilikaa kwenye benchi nikamtazama akifanya kazi. Tairodi endi ni kiungo kidogo cha chuma chenye kichwa cha mviringo, nacho ndicho kinachofikisha amri ya usukani kwenye gurudumu. Kichwa kile kikichakaa, gurudumu huanza kujiamulia. Kikichomoka gari likiwa katika mwendo, dereva hubaki ameshika usukani usioongoza kitu.

Fundi aliweka kigingi chini ya gari kwa kuwa jeki si ya kuaminiwa, akavua gurudumu, akalegeza nati ya kukazia, akachomoa pini ya usalama na kufungua nati ya kiungo. Hakukigonga kiungo chenyewe. Aligonga ubavu wa mkono wa chuma ulioking’ang’ania, mara mbili tatu, kikaachia. Alipokuwa akikizungusha kukitoa alihesabu mizunguko kwa sauti: kumi na tisa. Kipya alikiingiza kwa mizunguko kumi na tisa ileile, ili gurudumu lisipotee mwelekeo wake. Pini ya zamani aliitupa, akafunga mpya. Wengine, alisema, huweka msumari. Akafanya vivyo hivyo upande wa kulia, halafu akaniagiza nipige alaimenti mara nitakapofika penye mashine. Viungo viwili shilingi 70,000, ufundi 20,000. Redio yangu ilinigharimu zaidi ya hapo.

Nimetafakari sana kwa nini ukweli kuhusu gari langu nimeambiwa Nangurukuru, tena na mtu niliyemwendea kwa shida nyingine. Nimesimamishwa barabarani mara nyingi. Nimeonyesha leseni, bima, kizima moto na pembetatu. Sikumbuki hata mara moja mtu kuinama na kulitikisa gurudumu. Vilivyokaguliwa ni vitu ambavyo mtu huvibeba garini. Kile kinachoishikilia roho ya abiria hakikuguswa.

Gari hilihili lilitoka nchi isiyofanya hivyo. Nchini Japani gari dogo la binafsi hukaguliwa kwa lazima miaka mitatu baada ya kusajiliwa jipya, kisha kila miaka miwili. Gharama za ukaguzi huo ni miongoni mwa sababu zinazowafanya wenyewe wayauze mapema, nasi tukayanunua. Sisi tunautambua uzee wa gari kwa namna moja: ushuru wa ziada kwa gari linaloingia likiwa limezidi umri wa miaka minane. Uzee tunautoza bandarini mara moja. Uchakavu, unaoendelea kila siku baada ya hapo, tumemwachia mwenye gari na dhamiri yake. Dhamiri yangu, kama nilivyokiri, ilinunua redio.

Mei 2024, kufuatia mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara hii ilikatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Taifa zima lilijua, viongozi walifika, wahandisi wakapiga kambi. Ilistahili. Lakini kiungo cha usukani kinapokatika, hakuna anayepiga kambi. Aghalabu taarifa husema “mwendokasi” au “uzembe wa dereva”, na chuma kilichovunjika huuzwa pamoja na mabaki mengine kama chakavu. Tunajenga barabara bora kwa magari yasiyotazamwa, na lami nzuri humwongezea kasi hata yule ambaye usukani wake umelegea.

Pwani hii ingetufundisha jambo. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa gari. Mwenye jahazi hangoji chombo kizame ndipo akitazame. Hukivuta pwani, hukikalafati, hupima usukani na vibao, kisha hukirudisha majini. Matengenezo ni sehemu ya safari.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtumishi wa umma atasema ukaguzi wa lazima utazaa stika nyingine na mlango mwingine wa rushwa. Mwanaharakati atauliza maskini mwenye gari moja la kutafutia riziki atalipa nini. Hofu zote mbili ni za haki, na ndiyo maana napendekeza jambo dogo. Gari lililozidi umri fulani likaguliwe kila mwaka vitu vitatu tu: usukani, breki na matairi. Mwenye gari apewe maandishi na muda wa kutengeneza, si faini. Kazi hiyo wapewe pia mafundi wa mitaani waliopimwa na kutambuliwa. VETA tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ukaguzi ukitapakaa katika gereji nyingi zilizosajiliwa, na jina la fundi likiwa chini ya kila karatasi, itakuwa vigumu zaidi kuuza saini kuliko pale ambapo dirisha ni moja.

Yule kijana hana cheti. Alikataa kulifumbia macho jambo ambalo mimi, mwenye shahada ya uzamivu, nilikuwa nimelifumbia macho kwa miezi mitatu. Sera ya usalama barabarani isiyomhesabu mtu kama yeye ina pengo kubwa.

Nawe unayesoma haya, ukishuka kazini leo, mwombe fundi akunyanyulie gari. Mwache alitikise gurudumu, na akikuambia kitu, usimwombe azibe pancha tu.