Pamba Yako Ina Pamba?

Leo tunaongelea viwalo. Sisi vijana mtu akitoka bomba tunasema "amepigilia pamba". Sasa mimi nauliza, hiyo pamba yako ina pamba kweli? Pita Mlowo Jumapili jioni, pale barabara kuu ya kwenda Tunduma. Dada kabana skintaiti, kaka kavaa shati linang'aa kama kanda ya kaseti. Ukigusa, poliesta tupu!

Poliesta siyo mgeni. Ilibuniwa Uingereza mwaka 1941, na wazee wetu waliivaa sana kwa jina la tetroni. Raha yake ni kwamba haikunjamani na inakauka upesi hata masika. Balaa lake ni jasho. Kilo moja ya pamba inaweza kubeba gramu kama 80 za unyevu na wala usihisi imelowa. Kilo ya poliesta hubeba kama gramu 4 tu. Ikikubana, jasho linabaki kwenye ngozi. Hapo fangasi wameshapata chumba, tena bila kodi.

Na hapo ndipo stori inapokuwa chungu. Mtu anawashwa mapajani au sehemu za siri, anaona aibu kusema. Mwingine anadhani ni gonjwa la zinaa, mwingine anawaza karogwa. Anakimbilia duka la dawa, anapaka tyubu, anapona. Anarudia boksa ile ile ya nailoni, muwasho nao unarudi. Ananunua tyubu nyingine, anagombana na mpenzi wake, kumbe mchawi yuko kwenye kamba ya kuanikia! Siyo kila muwasho unatokana na nguo, lakini. Ukiona hauishi, nenda zahanati ukapimwe.

Kanuni ni moja: kinachogusa ngozi kiwe pamba. Chupi, boksa, sidiria, fulana, soksi. Juu yake vaa utakacho. Huku kwetu Mbozi, Juni na Julai baridi inakata, na dereva wa bodaboda anayetoka alfajiri bila jaketi la nailoni la kuzuia upepo anajitesa bure. Avae fulana ya pamba, sweta la sufu, halafu jaketi. Jua likipanda apunguze. Fulana ikilowa jasho abadilishe, maana pamba iliyolowa inashika baridi.

Utaijuaje pamba? Soma lebo. Ikiandikwa "cotton" peke yake, bila kuchanganywa na kingine, ndiyo yenyewe. Kama lebo imekatwa, ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuchome kwa kiberiti mbali na nguo. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta na nailoni zinayeyuka, zinaacha kidonge kigumu. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Akina dada mnaopika kwa kuni na mkaa, hapo mzingatie. Pamba nayo inashika moto, tena haraka, lakini nguo inayoyeyuka inagandia kwenye ngozi.

Kwa wale wa mitumba, msikate tamaa. Kwenye belo fulana za pamba tupu zipo, tena bei poa. Ukinunua, loweka, fua kwa sabuni, anika juani, piga pasi ya moto ndani na nje, ndipo uvae. Hata nguo mpya ya dukani ifue kwanza, kwani dawa za kiwandani za kuzuia mikunjo huwasha ngozi za baadhi ya watu. Ila nguo za ndani za mitumba zipite kama hujaziona. Shirika la Viwango, TBS, lilishazipiga marufuku. Afadhali chupi mbili mpya za pamba, unafua moja unavaa nyingine, kuliko kumi za kuokoteza.

Na wewe dada wa skintaiti, sikunyimi raha. Vaa kwenye shughuli yako, ndani weka chupi ya pamba, ukirudi nyumbani vua, jifunge khanga yako ya pamba, mwili upumue. Kupendeza ni haki yako, lakini kujikuna mbele za watu hakupendezi hata kidogo.