Daraja la Mbio za Magari Lisigeuke Ukuta

Kila mwaka Safari Rally inapofika Naivasha, maelfu ya watu husimama kandokando ya njia tangu alfajiri ili kulishangilia gari linalopita kwa sekunde chache tu. Tunazipenda mbio hizi, na tunazihesabu kuwa zetu. Lakini vumbi likishatua, tunapaswa kuulizana swali moja. Kati ya vijana wote waliosimama pale, ni wangapi wanaoweza kufikiria siku moja kuushika usukani wenyewe?

Tutajibiwa haraka kwamba ni umaskini unaowazuia. Sisi tunaona jibu hilo halitoshi. Mbio za magari hugawanywa kwa madaraja, na anayeyapanga madaraja ndiye anayeamua nani ataingia na nani atabaki mtazamaji. Mpango huo haukushuka kutoka mbinguni. Uliandikwa na watu, na watu wanaweza kuuandika upya.

Tuangalie tulikotoka. Mashindano haya yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalitakiwa kuwa yale yale yaliyouzwa madukani. Tena, na hili wengi wetu hatulijui, madaraja hayakupangwa kwa ukubwa wa injini bali kwa bei ya gari. Gari la bei nafuu lilishindana na wenzake wa bei nafuu.

Kwa kanuni hiyo, gari dogo halikuja kusindikiza makubwa. Mwaka 1954 ushindi ulikwenda kwa Vic Preston na D. P. Marwaha wakiwa katika Volkswagen ndogo ya mgongo wa duara, na gari la aina hiyo likashinda tena mwaka 1957 na 1962. Baadaye ikaja Peugeot 404, iliyoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Hili lilikuwa gari ambalo watu wetu walilipanda kama teksi kwenda sokoni na hospitalini. Aliyesimama barabarani alikuwa akishangilia chombo anachokijua.

Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda. Joginder alizaliwa Kericho na alikuwa fundi aliyeijua gereji vizuri kabla ya kulijua jukwaa la washindi. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976.

Hatusemi kwamba enzi hizo zilikuwa za haki. Zilianza wakati wa ukoloni. Waliokuwa na magari walikuwa hasa walowezi na wafanyabiashara, na Mwafrika alionekana zaidi akilisukuma gari lililokwama topeni kuliko akiliendesha. Kanuni ya bei haikuuondoa ubaguzi wa rangi. Ilichofanya ni kuthibitisha kwamba gari la kawaida linaweza kushinda pale kanuni zinapoliruhusu.

Mambo yalibadilika viwanda vikubwa vilipoingia kwa nguvu zote. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, na mwaka uliofuata Safari ikaingia katika ubingwa wa dunia. Timu za viwanda zikawa zinakuja kufanya majaribio kwa wiki nyingi, na helikopta zikatangulia angani kuwaonya madereva kuhusu ng'ombe na magari yaliyoko mbele. Fundi wa mjini angeshindanaje na helikopta? Patrick Njiru, aliyeshinda daraja lake mwaka 1993 kwa gari dogo la Subaru Vivio na kumaliza wa nne kwa jumla mwaka 1994, alionyesha kwamba kipaji kipo. Lakini hata yeye alihitaji mkono wa kiwanda ili kufika pale.

Safari ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi mwaka 2021. Leo magari ya daraja la juu, yaani Rally1, hukadiriwa kugharimu karibu euro milioni moja kila moja. Chini yake yapo madaraja mengine hadi Rally5, na tunaambiwa hiyo ndiyo ngazi ya kupandia. Lakini gari la Rally3, lililoko katikati ya ngazi, linagharimu karibu euro 100,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 12 za Kenya. Ngazi ambayo vidato vyake viko juu ya kichwa cha mtu haimsaidii kupanda.

Hata anayeanza nyumbani kwa gari kuukuu hakwepi gharama. Anahitaji kizimba cha vyuma ndani ya gari, kiti maalumu, kofia ngumu, mavazi yasiyoshika moto haraka, matairi, mafuta, ada ya kushiriki na gari la kubebea spea. Mikanda ya usalama inayotambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, ina tarehe ya mwisho: ikipita hununuliwa mingine, hata kama gari halijawahi kupata ajali. Kwa upande mwingine, mashindano ya autocross ya Kenya yana madaraja ya watoto, kama Bambino na Peewee, ambapo mtoto huanza kuendesha kigari chake mapema. Ni jambo zuri. Lakini maana yake ni kwamba mtoto ambaye mzazi wake anaweza kulipa hufika utu uzima akiwa na miaka kumi ya mazoezi, wakati mwenzake ndiyo kwanza anatafuta nauli ya kwenda kutazama.

Hapo ndipo daraja la mashindano linapogeuka kuwa tabaka la watu. Katika Kiswahili daraja ni cheo, na daraja ni kile tunachovukia mto. Daraja la mashindano lilipaswa kufanya kazi zote mbili: kuwatenganisha wasiolingana ili washindane kwa haki, na kumvusha mtu kutoka chini kwenda juu.

Wako wanaojibu kwamba mchezo wa hatari hauwezi kuwa wa bei rahisi. Tunakubali kuhusu usalama. Kizimba, mikanda na kofia visipunguzwe hata kidogo. Lakini fedha nyingi haziendi kwenye usalama, zinaenda kwenye kasi, na kasi inaweza kuwekewa kikomo. FIA yenyewe imekiri hivyo: gari jipya la ubingwa wa dunia kuanzia 2027 limewekewa kikomo cha bei cha euro 345,000. Yaani dunia inarudi, kwa mbali, kwenye wazo lililotumika hapa mwaka 1953.

Wengine husema kikomo cha bei ni rahisi kudanganya, kwa kuwa tajiri atatumia milioni tatu na kuandika laki tano. Dawa yake ipo. Huko Finland wana daraja ambalo jina lake maana yake ni daraja la kila mtu. Kila gari lina bei moja iliyowekwa na kanuni, na mbio zikiisha mshiriki mwingine anaweza kuomba kulinunua kwa bei hiyo. Mwenye gari hana ruhusa ya kukataa. Katika baadhi ya viwanja vidogo vya mbio za stock car nchini Marekani imekuwako kanuni kama hiyo kuhusu injini ya mshindi. Nani atamwaga mamilioni kwenye gari ambalo jirani anaweza kuondoka nalo jioni kwa laki tano?

Kwa hiyo tunawaomba waandaaji wa mbio za magari nchini mambo mawili. La kwanza, waanzishe daraja la magari yaliyotumika yanayopatikana katika kila gereji ya mtaani, lenye kikomo cha bei na kanuni ya kununuliwa. La pili, sehemu ya fedha za umma na za wafadhili zinazotumika kuileta Safari inunue vifaa vya usalama vya kuazimwa, ili kijana asizuiwe na bei ya mkanda.

Hili si suala la burudani tu. Kijana mwenye kiu ya mwendo asiyepata uwanja hujitafutia barabara, na barabara ya usiku haina kizimba, haina mikanda mipya, wala daktari anayesubiri pembeni. Wapo pia wanaotembea kwa miguu kwenye barabara hiyo hiyo. Anayesema mashindano ya bei nafuu ni mzigo na aweke kwenye hesabu yake gharama ya mazishi.