Jina la Leso Lisitenganishwe na Nguo Yake

Wapo wasomi wa Kiswahili wanaolichukulia jina la leso kuwa methali tu. Hulinakili daftarini, wakaliweka katika kundi lake, kisha nguo yenyewe wakaiacha sokoni. Mtazamo huo una kasoro.

Japani inatoa mfano wa kuzingatiwa. Katika utamaduni wa chai wa huko, kikopo cha unga wa chai huvishwa kifuko cha hariri yenye nakshi, pengine iliyofumwa kwa nyuzi za dhahabu. Vitambaa vya kale vya namna hii, vingi vikiwa vimetoka China, huitwa meibutsu-gire, na hujulikana kwa majina: ya mahekalu, ya nakshi au ya wenyewe waliovimiliki. Kimojawapo kina jina la Sen no Rikyū (1522–1591), bingwa wa chai. Mwishoni mwa karne ya 18, mtawala Matsudaira Fumai aliviingiza katika orodha yake ya vyombo mashuhuri vya chai. Nguo na habari zake zikahifadhiwa pamoja.

Mombasa nayo ina nguo zenye majina. Karibu na Mji wa Kale, katika Barabara ya Biashara, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa 1887 limeifanya alama ya “Mali ya Abdulla” ijulikane pwani nzima. Leso ina pindo, mji na jina, ambalo hapo awali liliandikwa kwa hati za Kiarabu. Jina hilo halina maana moja. Likitoka kwa mume huwa pendo. Likivaliwa mbele ya jirani mgomvi huwa kijembe. Anayenakili maneno peke yake, basi, ameacha nusu ya matini.

Huenda ikasemwa kwamba leso ni ya kutumiwa: hujitandwa, hubebea mtoto, mwishowe huwa tambara. Ni kweli, na hapana haja ya kuifungia kabatini. Lakini kwa kuwa nguo huchakaa, habari zake ndizo zinazopaswa kuwahiwa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi aendapo nyanjani na aandike jina pamoja na rangi, pindo, aliyetoa, aliyepewa na tukio lenyewe. Mabibi wanaoyakumbuka hayo bado wamo katika nyumba za Mji wa Kale. Wakiondoka bila kuulizwa, sanduku la leso litafunguliwa na wajukuu watakaoweza kuyasoma maneno, wasijue yalisemwa na nani, kwa nani, wala kwa nini.