Tuwafunze vijana kusoma picha kama wasomavyo maandishi

Tangu jadi binadamu ameyaamini macho yake kuliko masikio. Ndiyo sababu habari inayoandamana na picha hupokewa bila maswali mengi. Lakini je, imani hiyo ingali na msingi, ikiwa kijana yeyote mwenye kompyuta anaweza kuziunga picha mbili zikawa moja, na mtazamaji asiuone mshono?

Ikumbukwe kwamba ufundi huu si mgeni. Mnamo 1857, nchini Uingereza, Oscar Rejlander aliunga negativu zipatazo 30 ili kupata picha moja ya kisanaa. Programu ya Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, haikuuzua ufundi huo, iliurahisisha tu.

Picha ya kuunga huaminika kwa sababu gani? Kwanza kabisa ni mwanga. Iwapo jua lilimpiga mtu upande wa kushoto, na majengo yaliyo nyuma yake yameangazwa kutoka kulia, jicho hushtuka hata kabla ya akili kujua sababu. Vivuli navyo sharti vielekee upande mmoja na viwe na ukali sawa, kwani jua kali huchora kivuli chenye kingo wazi, ilhali mawingu hukififisha. Kisha kuna kimo cha kamera: mtu aliyepigwa picha kutoka chini hawezi kukaa sawasawa katika mandhari iliyopigwa kutoka ghorofani. Rangi na punje za picha lazima pia zilingane. Kukata na kubandika ni kazi nyepesi. Kulinganisha mambo haya ndiko kunakompima fundi.

Hebu tuutazame mfano wa Brian Walski, aliyekuwa mpigapicha wa gazeti la Los Angeles Times. Mwezi Machi 2003, karibu na mji wa Basra nchini Iraq, alipiga picha za askari wa Uingereza akiwaashiria raia wajikinge. Kisha akaunga picha mbili: askari akamtoa katika moja, na mwanamume aliyebeba mtoto katika nyingine. Kwa kuwa zote zilipigwa mahali pamoja, chini ya jua lilo hilo, mwanga na vivuli vililingana bila taabu. Picha hiyo ilichapishwa katika ukurasa wa kwanza. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Katika gazeti la Hartford Courant, ambalo pia liliichapisha, mfanyakazi mmoja aligundua kwamba baadhi ya raia waliokuwa nyuma walionekana mara mbili. Walski alifutwa kazi.

Wapo watakaosema kwamba adhabu hiyo ilipita kiasi, kwani askari alikuwapo, na mtoto alikuwapo. Hoja hiyo haina mashiko. Picha ya habari ni ushahidi kwamba mambo yaonekanayo ndani yake yalitukia kwa wakati mmoja, na wakati ulioonyeshwa na Walski haukuwapo kamwe. Rejlander alieleza wazi njia aliyoitumia. Kosa basi si kuunga, bali ni kuficha.

Sisi Wakenya tusidhani kwamba haya ni ya ng'ambo. Wakati wa uchaguzi mkuu wa 2022, kurasa bandia zenye nembo za magazeti yetu zilisambazwa kwa simu. Siku hizi akili unde huweza kuzalisha picha nzima ambayo haikupigwa na kamera yoyote, na makosa ya mwanga na vivuli yanazidi kupungua. Kwa hiyo jicho pekee halitoshi. Sharti tuulize: nani aliipiga, wapi, lini, na ziko wapi picha nyingine za tukio hilo?

Mtaala wa umilisi umetaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Itakuwa hasara kubwa ikiwa ujuzi huo utaishia katika kubonyeza vitufe. Mwalimu na awape wanafunzi picha mbili waziunge wenyewe, kisha wabadilishane na kutafuta kasoro katika kazi za wenzao. Anayejua jinsi mshono unavyofichwa ndiye atakayejua mahali pa kuutafuta. Mwanafunzi wa leo ndiye mpiga kura wa kesho, na asiyeweza kuipima picha ataongozwa na kila mwenye nia ya kumpotosha.