Wananchi si bendera fuata upepo

Uamuzi mbovu ukipita mkutanoni, hukosi kumsikia msomi akisema watu wetu ni bendera fuata upepo, hawana akili zao. Kauli hii inanichoma. Ni tusi, tena ni uongo, na wanaoirudia hupenda kuiegemeza kwenye saikolojia.

Jaribio wanalolitaja ni la Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyefundisha katika Chuo cha Swarthmore, Marekani, miaka ya 1950. Vijana wa chuo walionyeshwa kadi yenye mstari mmoja, kisha nyingine yenye mistari mitatu, waseme upi unalingana na ule wa kwanza. Kazi rahisi: mtu akijibu peke yake hukosea chini ya mara moja kwa mia. Lakini wote chumbani, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa na Asch. Walijibu kwa sauti, kwa zamu, na yule asiyejua lolote aliwekwa karibu na mwisho. Raundi mbili za kwanza wote wakasema kweli. Ya tatu, mmoja baada ya mwingine wakataja mstari usiolingana kabisa, bila kupepesa macho. Kisha zamu ikamfikia.

Hapo ndipo wasimulizi hukatisha. Wanatuambia theluthi moja ya majibu ilifuata kundi, na ni kweli. Hawatuambii kwamba theluthi mbili hazikufuata, wala kwamba takriban robo ya vijana hao hawakuyumba hata mara moja. Na waliofuata je? Walipohojiwa, baadhi walisema walidhani macho yao ndiyo yenye kasoro. Wengine waliona ukweli vizuri ila hawakutaka kuonekana wa ajabu. Waliporuhusiwa kuandika jibu badala ya kulitamka, kufuata kundi kulipungua sana. Mtu aliyepoteza akili harudishiwi na kalamu. Walikuwa wakiikwepa gharama ya kusimama peke yao mbele za watu.

Gharama hiyo Wakenya waliiona mwaka 1988, katika mchujo wa wagombea ubunge wa chama tawala, KANU. Mpiga kura alitakiwa kupanga foleni, yaani mlolongo, nyuma ya wakala wa mgombea wake, mchana kweupe, huku chifu akitazama, na jirani, na pengine mwajiri. Aliyepata asilimia 70 alipita moja kwa moja, kura ya siri asiione. Acha hata malalamiko kwamba penginepo mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Hilo ni dhuluma nyingine. Mimi nauliza: mwalimu anayetegemea mshahara wa serikali angesimama wapi? Kumwita kondoo kwa sababu alisimama kwenye foleni ndefu ni kumwonea mara ya pili.

Asch aliendelea. Alimweka mtu mmoja tu wa kusema kweli pamoja na yule kijana, na majibu ya kufuata kundi yakashuka hadi kama robo ya yalivyokuwa. Kuna jambo lililonigusa zaidi: hata mwenzake huyo alipotoa jibu baya kuliko la kundi, bado kijana alipata nguvu ya kusema alichokiona. Kwa hiyo yule mnayemwita mkorofi wa kikao, anayepinga hata pasipohitajika, anawafungulia wengine midomo. Maaskofu Henry Okullu na David Gitari walifanya zaidi ya hapo: waliupinga mlolongo hadharani, hoja zao zikiwa nzito, na wanasiasa wakawashambulia.

Basi wenyeviti waache kutoa msimamo wao kwanza, kisha kuuliza kama kuna anayepinga na kuandika "kwa kauli moja". Wagawe karatasi. Wenye cheo cha chini waanze kusema, mwenyekiti amalizie.

Na msomi wetu? Asch alijaribu pia kumtoa yule mwenzake chumbani katikati ya jaribio: makosa yaliongezeka, lakini sehemu ya ujasiri aliouacha ilibaki. Alipobaki chumbani akageuka na kujiunga na wengi, kijana alirudi kufuata kundi kama awali. Anayekijua kilicho sahihi, akanyoosha mkono pamoja na wengine ndani, kisha akawacheka nje, amewafanyia wenzake jambo hilohilo. Alikuwa ndiye yule mmoja waliyemhitaji, na alikuwa amekaa palepale.