Vibopa wachezea ndege za vita, wapita njia wazikwa!

Msomaji, nikuulize swali la kijiweni. Ukiamka kesho una mabilioni, utanunua nini? Majibu nayajua. Mmoja atasema Benzi, mwingine ghorofa Masaki, mwingine timu ya mpira. Lakini wako watu duniani ambao vyote hivyo wanavyo na bado mikono inawawasha. Hao wananunua ndege ya vita. Sikutanii! Ndege ya vita kabisa, iliyoundwa kwenda kuua, ambayo jeshi limeistaafisha. Wanatoa mizinga, wanaipaka rangi, wanaiandikisha kiraia, na mwisho wa wiki wanapanda angani kujifurahisha.

Mimi ni mtu wa kidato cha nne, urubani sijausomea. Lakini kuhesabu majeneza hakuhitaji digrii. Twende tukahesabu pamoja.

Tuanzie Shoreham, kusini mwa Uingereza. Jumamosi ya Agosti 22, 2015 kulikuwa na maonyesho ya ndege. Mojawapo ilikuwa Hawker Hunter, jeti ya kivita iliyoundwa mwaka 1955. Piga hesabu mwenyewe: chuma cha miaka 60, mikononi mwa raia. Rubani akaipandisha juu ili aipindue na kuirudisha chini kwa mviringo. Wachunguzi walikuja kusema kwamba sarakasi ile aliianza na mwendo mdogo, na kule juu hakufikia kimo kinachotakiwa. Ndege ikakosa nafasi ya kunyanyuka tena. Ikajibamiza kwenye barabara kuu ya A27, katikati ya magari.

Watu 11 walikufa. Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ndani ya ndege. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani ya uwanja wa maonyesho. Walikuwa nje, barabarani. Walikuwamo vijana waliokuwa wanakwenda zao kucheza mechi ya mpira. Vijana kama wewe! Waliolipa kiingilio walirudi nyumbani salama. Rubani naye alipona.

Sasa sikiliza sheria ilivyofanya kazi. Machi 2019, mahakama ya Old Bailey ilimwona rubani hana hatia. Desemba 2022, uchunguzi rasmi wa vifo ukatamka kwamba watu wale 11 waliuawa kinyume cha sheria. Umeelewa? Wameuawa isivyo halali, lakini jela hayuko mtu. Kesi imekwisha, makaburi yamebaki.

Utaniambia ajali haina kinga. Ndugu yangu, wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndege ya vita haielei hewani kwa sababu ya rubani hodari. Nyuma yake kuna kijiji kizima cha jeshi: mafundi wanaokesha nayo, stoo ya vipuri, kiwanda kilichoiunda, na mkubwa mwenye mamlaka ya kusema leo hairuki. Jeshi likiiuza, hakiuzwi kile kijiji. Kinachouzwa ni bati na injini. Kibopa anaondoka na mnyama mkali, lakini aliyejua kumfunga kamba amebaki kambini.

Unataka ushahidi? Kwenye mabaki ya ile ndege ya Shoreham, wachunguzi waligundua kwamba baruti za kiti kinachomfyatua rubani nje wakati wa hatari zilikuwa zimepitwa na muda wake. Sisemi ndizo zilizoiangusha. Nasema kama kitu cha kuokoa roho ya rubani mwenyewe kimeachwa kikapitwa na muda, wewe mpita njia nani anakukumbuka?

Au njoo hapa Afrika yetu. Cape Town kulikuwa na kampuni ya kibopa mmoja iliyoitwa Thunder City. Ilimiliki kundi la jeti za kivita za Uingereza, na watalii walilipa fedha nyingi ili warushwe. Nyota wao ilikuwa Lightning, ndege inayokwenda mara mbili ya kasi ya sauti, ambayo jeshi la Uingereza liliachana nayo mwaka 1988. Novemba 14, 2009, kwenye maonyesho ya Overberg, mfumo wa haidroliki wa Lightning moja uligoma. Rubani akajaribu kujifyatua nje, kiti nacho kikagoma. Akafa nayo. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Afrika Kusini ilipochunguza ilinyooshea kidole matengenezo mabovu.

Na Marekani je? Septemba 16, 2011, kwenye mashindano ya Reno, Nevada, ndege ya Vita Kuu ya Pili aina ya P-51 Mustang iliwaangukia watazamaji. Walikufa watu 11, rubani akiwemo. Unajua chanzo? Nati! Nati kuukuu zilizoshindwa kukaza skurubu kwenye mkia wa ndege iliyokuwa imekarabatiwa na kubadilishwa ili ishinde mbio. Fundi wa daladala pale gereji anajua kwamba nati iliyochoka haikazi. Lakini mbio ni mbio, na sifa ni sifa.

Watetezi wao wana wimbo mmoja: hii ni historia, tunawaenzi mashujaa wa vita. Sawa. Historia tunaiheshimu. Lakini historia haihitaji kupinduliwa juu ya barabara yenye foleni. Kuna majumba ya makumbusho. Kuna bahari. Baada ya Shoreham, mamlaka ya Uingereza ilizizuia jeti za zamani kufanya sarakasi juu ya nchi kavu. Kumbe iliwezekana! Na mwaka huo huo wa 2015, bombu kubwa la zamani liitwalo Vulcan, la mwisho lililokuwa likiruka, liliteremshwa chini moja kwa moja mwezi Oktoba kwa sababu makampuni yenye utaalamu nalo yalisema hayawezi kuendelea kulidhamini. Hakuna aliyekufa. Wapenzi wake walilia, wakafuta machozi, wakaenda kulitazama likiwa ardhini. Kwa nini wengine wasubiri mpaka damu imwagike?

Usije ukacheka ukasema hayo ni ya Wazungu. Kwetu tajiri hanunui chombo cha jeshi kwa mchezo, anakinunua kwa biashara. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, ndege za mizigo zilizobuniwa kubeba askari na zana za vita zilimwagika sokoni kwa bei chee. Antonov. Ilyushin. Si kila moja ilikuwa imelitumikia jeshi, lakini zote ni za ukoo huo. Mrusi Viktor Bout alijenga biashara yake kwa ndege za namna hiyo, na ripoti za Umoja wa Mataifa zilimtaja kwa kupeleka silaha kwenye vita vya Angola, Liberia na Sierra Leone. Nyingine zikabeba samaki, madini na watu. Ukiuliza mwenye ndege ni nani, unaonyeshwa sanduku la posta la nchi ambayo ndege yenyewe haijawahi kutua.

Na wanaolipa ni wale wale walioko chini. Januari 8, 1996, Antonov 32 iliyojazwa mzigo kupita kiasi ilishindwa kupaa katika uwanja wa Ndolo, Kinshasa. Ikapitiliza mpaka ndani ya soko la watu. Zaidi ya 200 walikufa, wengi wao akina mama na watoto. Marubani walitoka hai. Oktoba 4, 2007, mji ule ule, Antonov 26 ilianguka juu ya nyumba za watu muda mfupi baada ya kuruka. Safari hii waziri wa uchukuzi alifukuzwa kazi. Je, kufukuzwa kwake kulimfufua nani?

Kwetu Tanzania tumeonjeshwa. Machi 23, 2005, Ilyushin 76 iliyosheheni minofu ya samaki iliruka kutoka Mwanza ikatumbukia Ziwa Victoria. Wote 8 waliokuwamo walikufa. Siku ile ziwa lilitupokelea msiba. Kama ingeelekea upande wa nyumba za watu, leo ningekuwa naandika habari gani?

Kijana mwenzangu wa Kipawa, wa Kirumba, wa Embakasi, wewe unayelala ukisikia injini juu ya bati lako, una haki ya kuuliza. Anayetaka kumiliki chombo kilichotoka jeshini, jina lake liwekwe hadharani, lake mwenyewe na si la kampuni ya mfukoni. Awe na bima inayotosha kumlipa kila aliye chini. Kiwanda na wataalamu wakisema hatuidhamini tena, isiruke hata siku moja zaidi. Na anayetaka sarakasi akazifanyie baharini, roho yake mwenyewe mkononi. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize hayo. Akicheka, jua hajawahi kulala chini ya njia ya ndege.

Askari akistaafu anarudisha bunduki. Harudi nayo mtaani akaanza kufyatua hewani siku ya Jumamosi eti anaenzi utumishi wake. Akithubutu, tutamkamata kabla ya jua kuzama. Basi na ndege ya vita ikistaafu, istaafu kweli!