Mzigo Upitao Mlangoni Petu



Asidi ya sulfuriki wengi wetu tunaijua kwa jina la maji ya betri. Lakini yale yaliyomo katika betri ya gari yamekwisha kuzimuliwa. Tindikali yenyewe ni kali kupita hayo. Ni nzito, lita moja ikikaribia kilo 2, nayo ina kiu kubwa ya maji. Hunyonya maji yaliyomo katika sukari, mti au nguo hata pakabaki weusi wa mkaa, na ngozi ya binadamu haisalimiki. Ikichanganyika na maji hutoa joto kali. Ndiyo maana mafundi hufunzwa kutia tindikali katika maji polepole, wala si maji katika tindikali.

Hatusemi kwamba kitu hiki ni laana. Sehemu kubwa ya tindikali hiyo duniani hutumika kutengeneza mbolea ya fosfeti, ambayo wakulima wanaihitaji. Migodi ya Zambia na ya Katanga huitumia kuyeyusha shaba na kobalti kutoka katika mawe yaliyosagwa. Salfa ya kuitengeneza, ile ile inayopulizwa katika mikorosho yetu, hushushwa bandarini Dar es Salaam na kusafirishwa kwa malori hadi huko. Kwa hiyo jambo hili si la wageni tu.

Swali letu ni la haki: nani anapata faida, na nani anabeba hatari?

Mwezi Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, lori lililopeleka tindikali mgodini lilipata ajali pamoja na basi la abiria. Tindikali ilimwagika juu ya watu. Wapatao 20 walipoteza maisha. Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi nchini Zambia, bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka, na maji yenye tindikali yakaingia mto Mwambashi, kisha Kafue. Samaki walikufa, mazao yakaungua, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Serikali ililazimika kumwaga chokaa mtoni, hata kwa ndege, ili kuupunguza ukali huo.

Abiria wa Kabwe hawakuwa na hisa katika kobalti. Mkulima wa Mwambashi hakuwahi kuulizwa kama bwawa lile lijengwe juu ya shamba lake. Huo ndio udhalimu tunaoukataa: faida kuandikwa mbali, na majeraha kuachwa kijijini.

Tunadai, basi, mambo manne. Kila lori la tindikali libebe alama inayosomeka, na dereva afunzwe na apewe muda wa kupumzika. Vijiji vya njiani vijulishwe nini kinapita, na zahanati zao ziandaliwe. Mabwawa yakaguliwe na watu wasiolipwa na mwenye mgodi, na matokeo yabandikwe hadharani. Aliyeumizwa alipwe fidia bila kuzungushwa.

Nasi tusingoje serikali kwa kila jambo. Tuwafundishe watoto kwamba lori lililopinduka halikimbiliwi kwa madumu. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo upesi, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, kisha apelekwe hospitali. Kujua ni kinga. Lakini kinga ya kwanza ni wajibu wa yule anayeuza shaba.